Kimya cha Stoo ya Matranka

Siku walipomzika Bibi yangu, mimi nilikuwa nimekaa juu ya tranka lake, ghorofani kwenye bweni la wasichana Musoma mjini, nakariri mishipa ya damu. Naanza na hilo kwa sababu siwapendi watu wanaokuzungusha kwanza ndipo wakuambie msiba. Mimi nilizungushwa wiki nzima, tena na watu walionipenda, kwa hiyo sitaki kumfanyia mtu mwingine hivyo.

Mahali penyewe palikuwa stoo. Chuo chetu kilikuwa cha uuguzi, na wengi wetu tulitoka sekondari za bweni, tukaja na matranka yetu ya bati. Vyumbani hayakuenea. Vitanda vilikuwa vya juu na chini, na katikati ilibaki njia ya mtu mmoja kupita kiubavu. Basi matroni akaamuru matranka yote yapelekwe chumba cha mwisho wa korido, ambacho nadhani zamani kilikusudiwa kuwa bafu, maana ukutani kulikuwa na bomba lisilotoa maji. Kilikuwa na dirisha moja. Ukisimama pale uliona mapaa ya mtaa wa Kitaji, na nyuma ya mapaa kipande cha ziwa. Ndani kulinuka kutu, sabuni ya mche, na dagaa wa mtu fulani ambaye hatukuwahi kumkamata.

Nani alianza kusomea mle, sijui. Nilipofika mwaka wa kwanza nilikuta utaratibu umeshakaa. Unavua ndala mlangoni, kwa sababu ile sakafu ya saruji ilikuwa inapaza kila kishindo. Unakaa juu ya tranka lako mwenyewe, umeegemea ukuta. Huongei. Ukitaka kumuuliza mwenzako kitu unamgusa goti, mnatoka wote mpaka kwenye ngazi, mnaulizana huko, mnarudi. Mwenye kikohozi alijijua. Hakuna aliyeyaandika hayo popote na hakuna aliyeyasimamia, lakini wasichana waliokuwa wakigombania ndoo bombani kwa matusi ya kumfukuza shetani walikuwa wakifika pale mlangoni wanainama, wanavua ndala, wanakuwa watu wengine. Anayepita akitucheka tulimwambia kimya kingi kina mshindo mkuu, subiri matokeo.

Mimi nilipapenda kuliko wote. Ni mtu wa hasira, na kelele zinanipandisha haraka. Chumbani kwetu mmoja anasukwa, mwingine anagombana na mchumba wake kwenye simu, wa tatu anachemsha maharage kwa hita aliyoificha chini ya godoro. Nikiingia stoo nilisikia mabega yangu yakishuka yenyewe. Na kulikuwa na sababu nyingine, ambayo sikumwambia mtu: tranka nililokalia lilikuwa na harufu ya nyumbani.

Lilikuwa la Bibi. Ndani yake aliweka vitenge vyake vya kanisani, rozari, na shuka jeupe alilojitengea la kuzikiwa. Nilipochaguliwa chuo alitoa vyote akavipanga kitandani, lile shuka akalitia kwenye mfuko wa salfeti, akaanza kulifuta tranka kwa mafuta ya taa.

"Bibi, na shuka lako?" nilimuuliza.

"Shuka haina haja ya nyumba ya bati," akasema. "Vitabu ndiyo panya zinakulaga."

Komeo moja lilikuwa limekatika, akalifunga kwa kamba ya manila. Siku ya safari alinikataza nisipande bodaboda nalo. Alijitwika mwenyewe kichwani mpaka barabarani Kiabakari, mimi nyuma nimebeba godoro na aibu, maana watu walikuwa wanatutazama. Gari lilipoondoka niliangalia nyuma. Alikuwa amesimama palepale, mikono kiunoni, na alibaki amesimama mpaka kona ilipomficha.

Inabidi nieleze alikuwa bibi yangu kwa njia gani, maana watu wa mikoa mingine hawaielewi haraka. Hakumzaa mama wala hakumzaa baba. Bibi alimuoa mama. Kwetu huku Butiama, na kwa jirani zetu pia, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Wanaita nyumba ntobhu. Wasomi wanaizungumza kwenye semina kwa sauti ya masikitiko, na sina ugomvi nao, wapo walioumizwa kweli. Mimi nasema habari za nyumba yetu tu. Nyumba yetu ilikuwa na wanawake wawili waliolima shamba moja, wakasali jumuiya moja, na wakagombana kila siku kuhusu chumvi. Mahari ya mama ilitoka zizini kwa Bibi, kwa hiyo kimila yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba yangu. Aliyenizaa sikumjua na sikuwahi kumuulizia. Nilizaliwa mmoja tu, msichana. Waliokuwa wakisubiri mvulana walimhurumia Bibi, naye akawajibu kwamba mkono ni mkono tu.

Mkono aliousema ulikuwa wa kutupa udongo. Kwenye ukoo wetu mtu akizikwa, mtoto wa nyumba yake ndiye anayesogea kwanza, anachota udongo kwa mkono, anatupa, ndipo koleo za watu zinaanza. Asiye na mtoto anatupiwa na yeyote aliye karibu, na watu wanaliona hilo na wanalikumbuka. Bibi alipomzika mumewe aliona watoto wa mke mwenzake wakiitwa mbele na yeye akiambiwa apishe. Nadhani hasira yake ilianzia pale, na hiyo ndiyo niliyoirithi, ingawa hatukuwa na damu moja. Tangu nikiwa mdogo, tukipalilia au tukichambua mtama, aliniambia bila huzuni yoyote, kama mtu anayekukumbusha kufunga banda la kuku:

"Mimi nilioaga mama yako nipate mkono wa kunitupia udongo. Siku hiyo usichelewe."

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi uchungu wa kuzaa hakuupata, lakini wa kukosa aliujua wote, na dawa yake nilikuwa mimi. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Mwaka wa pili nilipata sapu ya anatomia. Kwa asiyejua mambo ya vyuo, sapu ni kurudia mtihani ulioufeli, na kwetu ukiufeli tena unadisko, unarudi nyumbani na tranka lako. Nilipowaambia, Bibi alicheka akasema hata ng'ombe anajikwaa na ana miguu minne. Mama hakucheka. Mama aliishia darasa la nne, na kwake chuo kilikuwa kitu kinachoweza kukatika muda wowote, ukigeuka tu hakipo. Tangu siku hiyo kila akipiga simu swali lilikuwa moja: "Unasoma?"

Wiki mbili kabla ya mitihani Bibi aliugua. Kifua kilimbana, akapelekwa Bunda, ambako mama mdogo wangu anaishi na ambako kuna hospitali. Nilikwenda kumwona Jumapili ya kuamkia wiki ya mitihani. Nilikuta mwili umepungua kitandani, ila macho yalikuwa yaleyale ya kunitafutia kosa. Nilimtengeneza mto, nikamhesabia mapigo kwenye kifundo cha mkono, nikijifanya naangalia saa tu.

"Wanakufundishaga hivyo huko?" akauliza.

"Ndiyo, Bibi."

"Na hiyo mtihani uliyoanguka?"

"Naurudia wiki hii, pamoja na mitihani mingine. Ninaweza kuomba niahirishe nikae na wewe."

Nilisema tu. Sikujua kama kuahirisha kunawezekana. Aliuvuta mkono wake.

"Nenda kafanye mtihani yako. Mimi nitakusubiri."

Nikamwamini, kwa sababu Bibi hakuwahi kuniambia neno akalivunja. Aliposema atanisubiri barabarani alinisubiri barabarani, hata mvua inyeshe. Nilirudi Musoma jioni ileile nikiwa na moyo mwepesi, na hilo linaniuma mpaka leo, ule wepesi.

Nikamkabidhi simu yangu rafiki yangu. Huyu alikuwa msichana wa Nyasho, hapohapo mjini, baba yake anauza viatu vya mitumba, na yeye ndiye aliyelala kitanda cha chini yangu. Ndivyo tulivyofanya wakati wa mitihani: unampa mwenzako simu akae nayo usije ukaishia kuangalia picha za watu. Akipigiwa na nyumbani anapokea yeye, anakuambia lililo muhimu, mengine yanasubiri. Tulikuwa tunajivunia utaratibu huo. Tulijiona watu wazima.

Mama alipiga Jumatatu asubuhi. Haya niliyajua baadaye, lakini nayaweka mahali pake. Aliuliza mimi niko wapi, msichana wa Nyasho akamwambia yuko stoo anasoma. Mama akasema Bibi ametutoka usiku. Akamwambia asiniambie. Akamwambia nikijua sitaingia kwenye mtihani, na nisipoingia nimefukuzwa, na Bibi huyohuyo ndiye aliyetaka nisome. Rafiki yangu alikuwa na umri kama wangu. Hakuna aliyekuwa amemfundisha la kumjibu mama wa mtu anayelia. Akasema sawa mama.

Aliwaambia wenzetu kwenye ngazi, palepale tulipozoea kuulizana maswali. Nao wakakubaliana.

Basi wiki ile stoo yangu ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Niliachiwa nafasi ya dirishani bila kuigombea. Korido nzima ilipoa. Yule wa hita aliniletea chai ya maziwa, akaiweka sakafuni pembeni ya tranka, akatoka kinyumenyume. Aliyekuwa akifungulia muziki tangu alfajiri aliuzima. Nilipokwenda kuoga nilikuta ndoo yangu imejaa maji. Nami, mjinga, nikadhani wanaiheshimu sapu yangu. Nikavimba kichwa kidogo. Nakumbuka nikijisemea kwamba kumbe watu wakikuona unajituma wanakusaidia, nikapanga hata kulisema hilo siku moja kwa wadogo zetu.

Dalili zilikuwepo. Jumanne msichana wa Nyasho alikuwa ananiuliza maswali kwenye ngazi, ameshika madesa yetu, zile karatasi za kusomea, na alipofika sehemu ya kuuandaa mwili wa marehemu alifunua karatasi mbili kwa pamoja.

"Umeruka," nikamwambia.

"Hiyo haitatoka."

"Nani kakuambia?"

"Haitokagi. Twende kwenye figo."

Nilimwona macho yake mekundu. Nikamwambia aache kukesha.

Jumatano mchana nikadai simu. Nilikuwa nimemaliza pepa ya asubuhi, nikataka kusikia hali ya Bunda. Msichana wa Nyasho alisema chaji imeisha. Nikamwambia nipe hivyohivyo nitachaji. Akasema ngoja, akaondoka nayo, akakaa, akarudi, tukashuka wote mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, akapiga yeye. Sasa najua alikwenda kumwonya mama kwanza.

Sauti ya mama ilikuwa ya kawaida. Hilo ndilo silielewi mpaka leo, jinsi ilivyokuwa ya kawaida.

"Unasoma?"

"Nasoma. Mama, mbona watu wanaimba hapo?"

"Kwaya. Wanafanya mazoezi hapa kwa jirani."

"Umesharudi nyumbani? Bibi umemwacha na nani?"

"Na mama mdogo."

"Hajambo?"

Wimbo ulipanda kidogo, ukashuka.

"Anakusalimia," mama akasema. "Anasema usome."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya zizi. Jeneza lilikuwa uani, chini ya turubai, na mjane (kwa mila mama alikuwa mjane, msiba ulikuwa wake) alikuwa ameinuka katikati ya watu wote kwenda kupokea simu. Wazee wa ukoo waliona. Aliirudisha simu kifuani akarudi kukaa alipotakiwa kukaa. Mimi nilipanda ngazi, nikavua ndala, nikakaa juu ya tranka. Ulikuwa mchana mtulivu, ziwa linang'aa nyuma ya mapaa. Nikashika mishipa ya damu, nikaanza na ile mikubwa inayotoka kwenye moyo. Saa hizo ndizo walizomteremsha.

Alhamisi swali la kuuandaa mwili lilitoka. Lilitoka lote, na lilikuwa la lazima. Nilicheka peke yangu kwenye chumba cha mtihani nikimfikiria msichana wa Nyasho na karatasi zake mbili. Nilijibu kwa yale niliyoyaona wodini. Niliandika kwamba muuguzi amfumbe macho taratibu, anyooshe viungo, azungumze kwa sauti ya chini, na awape ndugu nafasi ya kuaga kabla mwili haujaondolewa. Nafasi ya kuaga niliipigia mstari, kwa sababu mwalimu wetu aliipenda.

Ijumaa tulimaliza. Nilitoka nimejaa furaha, nikapanda moja kwa moja kwenda stoo kuchukua tranka, maana nilitaka nilale Bunda siku hiyohiyo. Korido ilikuwa tupu. Mlangoni pa stoo nilikuta ndala nyingi, zimepangwa, nyingi kuliko nilizowahi kuziona pale. Nikainama nikavua zangu. Mazoea tu.

Walikuwa wamekaa kila mmoja juu ya tranka lake, wameegemea ukuta, kama tulivyokuwa tukikaa siku zote. Hakuna aliyeshika kitabu. Wote walikuwa wamejifunga khanga kiunoni. Msichana wa Nyasho alikuwa kwenye tranka lililo jirani na langu, na simu yangu ameilaza mapajani kwa mikono miwili.

Hakuna aliyesema neno. Mle ndani hapakusemwa. Nadhani hawakukusudia iwe hivyo, nadhani walipachagua kwa sababu ndipo palipokuwa pangu, kisha tukakwama wote katika sheria yetu wenyewe. Mimi mlangoni, miguu mitupu. Wao wananitazama. Nikahesabu nyumbani nina nani na nani, na hesabu haikuwa ndefu. Rafiki yangu akainuka, akaja mpaka mlangoni, akainama akanigusa goti.

Hatukutoka kwenda kwenye ngazi. Nilipiga ukelele palepale, sauti ikagonga bati za matranka ikanirudia, nikapiga mwingine. Wakaja wote wakanishika.

"Lia," msichana wa Nyasho alikuwa akisema. "Lia sasa, umemaliza. Sisi tulikuwaga tunajua tangu Jumatatu. Mama yako alisema. Nisamehe, mama yako alisema."

Nilimpiga. Nilimpiga kweli, kofi la uso, na hakukwepa. Kisha nikamshika shingoni, maana hapakuwa na mtu mwingine wa kumshika.

"Wamezika?" nikauliza.

"Juzi."

"Nani ametupa udongo?"

Hakujua naongea nini. Kwao Nyasho hawana hayo. Alidhani nimechanganyikiwa, akaniletea maji.

Jumamosi asubuhi walinisindikiza getini, wawili wamenibebea tranka. Matroni alitoka kwenye ofisi yake kunipa pole. Alikuwa mama mtu mzima, mpole kuliko sauti yake. Alinishika mkono akauliza tumezika lini, nikamwambia Jumatano.

"Jumatano?" akasema. "Na mbona ulikuwa kwenye pepa?"

Msichana wa Nyasho akaeleza. Matroni alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Mngekuja kwangu, wanangu. Mtu akifiwa nyumbani kwao tunampa ruhusa. Anakwenda, anazika, anarudi. Anafanya pepa zake baadaye na wala haihesabiwi kwamba kafeli. Si mlisomewa siku ya kwanza?"

Tulisomewa, ndiyo. Siku ya kwanza, kwenye ukumbi, wakati kila mtu anawaza godoro lake liko wapi. Msichana wa Nyasho aliweka kiganja mdomoni. Hakukiondoa mpaka nilipopanda bajaji ya kwenda stendi.

Njiani nilikuwa nayapanga maneno. Tangu stendi mpaka Makutano niliyapanga ya mama, kutoka Makutano mpaka Kiabakari niliyanoa. Nilitaka nimwambie kwamba aliolewa kwa jambo moja, mimi nilizaliwa kwa jambo moja, na yeye ameliua jambo hilo kwa simu. Nilitaka nimwambie hata hiyo sababu yake ni ya uongo, matroni amesema. Lile la matroni nilikuwa nimeliweka mwisho ili liingie vizuri. Kiabakari nilishuka nikasimama pale Bibi aliposimama siku ile. Kisha nikapakia tranka kwenye bodaboda, kitu alichokikataa yeye, na tukaiacha lami.

Turubai lilikuwa limeshaondolewa. Uani kulikuwa na mashimo ya nguzo, na jivu la moto wa wazee waliolala nje. Mama alitoka jikoni. Walikuwa wamemnyoa. Sikuwahi kukiona kichwa cha mama bila nywele. Kilikuwa kidogo, na nyuma ya sikio kulikuwa na kovu ambalo sikujua kama analo. 

Tulilia kwanza. Halafu nikauliza lile nililouliza stoo.

"Hakuna," mama akasema.

"Hakuna vipi?"

Akaniambia. Kaburini wazee waliita mtoto wa nyumba. Hayupo. Mzee mmoja akasema asiyekuwepo na lake halipo, asogee mtoto wa mke mwenza atupe, tumalize, muda unakwenda. Yule mtoto wa mke mwenza, ambaye sasa ni mzee mwenye mvi, akasogea. Mama akasimama. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe hana sauti mbele ya ukoo uliotoa ng'ombe, hilo linajulikana, na mama alikuwa mtu wa kunyamaza maisha yake yote. Alichukua karai la mafundi lililokuwa pembeni, akapiga magoti kwenye udongo uliochimbwa, akachota kwa mikono mpaka likajaa. Akawaambia huu ni wa mwenye nyumba, yuko kwenye mtihani, atautupa akija. Na mwingine asitupe kwa mkono. Fukieni kwa koleo.

"Wakakubali?"

"Walinitukana," mama akasema. "Halafu wakafukia kwa koleo."

Haikuwa mila ya mtu yeyote. Aliibuni palepale, kwa magoti.

Karai lilikuwa nyuma ya nyumba, limefunikwa kwa ungo wa zamani ili kuku wasilichakure. Tulilibeba wawili, yeye upande huu mimi upande ule, mpaka kaburini. Lilikuwa bado tuta la udongo na msalaba wa mbao. Nikapeleka mkono kwenye karai, mkono haukuingia. Jua la siku zile lilikuwa kali, udongo wetu ni wa mfinyanzi, umegandamana ukawa kitu kimoja. Nilikwaruza kwa kucha. Mama akasema ngoja, akaenda, akarudi na kata ya maji, akamimina kidogo kidogo huku mimi nakanda, mpaka ukalainika. Nikauchota wote, donge baada ya donge, nikaweka juu yake. Nilimwambia Bibi nimechelewa. Nilisema kwa sauti, hasira na machozi pamoja, kwamba alisema atanisubiri.

Mama alikuwa amechuchumaa upande wa pili, kata mkononi, kile kichwa chake kidogo kimeinama. Akauliza bila kunitazama.

"Ungekuja, wangekufukuza. Si ndiyo?"

Lile neno la matroni lilikuwa mdomoni. Lilikuwa limenoleka vizuri.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Wangenifukuza."

Akashusha pumzi. Akasogea karibu, akaniambia nikinge mikono, akanimiminia maji yaliyobaki.